Binti wa Sakina na fomu ya Kanada

Juma hili nilikuwa nimekusudia tuendelee na mazungumzo yetu juu ya bei ya kahawa, lakini imenifikia barua iliyonifanya niiweke kahawa kando. Imetoka kwa mama mmoja wa Sakina, hapa hapa mjini Arusha. Sitalitaja jina lake wala la mume wake. Ameandika kwa mkono, kurasa nne, na kwa jinsi mistari inavyopanda na kushuka nadhani aliandika usiku, wenzake wamelala.

Anasema mume wake ni fundi mitambo mwenye ujuzi wa miaka mingi, na amepata njia ya kuhamia Kanada pamoja na familia yake. Si kwenda kutembea, ni kuhamia. Wana watoto watatu. Wawili wadogo wako shuleni. Wa kwanza ni binti wa miaka 23 mwenye mtindio wa ubongo tangu kuzaliwa. Hatembei bila kushikwa, hali bila kulishwa, lakini ukizungumza naye anakuelewa, na ukimkosea hasahau. Sasa yule bwana anayewasaidia kujaza fomu, mmoja wa hawa wenye ofisi ya meza moja na kompyuta moja, amewaambia: huyu mkubwa msimwandike. Kwanza amevuka miaka 18, si mtoto tena. Pili, akiandikwa mtanyimwa nyote. Aachwe kwa bibi yake Poli, mkishafika na kutulia mtamwita. Ada yake amekwisha kuichukua. Mama anauliza, je, ni kweli?

Kabla sijajibu, ni haki niseme kwamba sizungumzi kama mtazamaji. Mimi mwenyewe nina kijana wa namna hiyo nyumbani kwangu Akheri, na mama yake yuko ng'ambo. Ya kwangu nitayafikia. Tuanze na ya mama wa Sakina, kwa sababu ya kwake bado yanaweza kunyooshwa.

Kwetu sisi neno mtoto halina mwisho. Mzee wa miaka 60 akifiwa na mama yake, makaburini ataitwa mtoto wa marehemu, asogee mbele atupe udongo. Serikali za ng'ambo hazihesabu hivyo. Kwao mtoto ni umri ulioandikwa katika sheria, na kila nchi ina umri wake. Marekani wameweka chini ya miaka 21, na awe hajaoa wala kuolewa. Uingereza ni chini ya 18. Kanada ni chini ya 22, ingawa kati ya Agosti 2014 na Oktoba 2017 walikuwa wameushusha hadi chini ya 19, na familia zilizoomba katika kipindi hicho zikajikuta kijana wao wa miaka 20 amebaki nje ya mlango.

Lakini sheria ya Kanada ina mlango wa pembeni ambao yule bwana wa fomu ama haujui, ama hakupenda kuusema. Mtu aliyefikisha miaka 22 au zaidi bado huhesabiwa mtoto tegemezi iwapo amekuwa akitegemea fedha za wazazi wake tangu kabla ya kufika umri huo, na hawezi kujitegemea kwa sababu ya hali ya mwili au ya akili. Si huyu huyu binti wa Sakina? Kwa macho ya sheria ya Kanada yeye ni mtoto wa wazazi wake leo, na atakuwa mtoto wao akiwa na miaka 40, maadamu hali yake ni hiyo. La kwanza, basi, si kweli.

La pili lina ukweli nusu, na ukweli nusu ndio mtaji wa vishoka. Sheria ya uhamiaji ya Kanada ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika Juni 2002, inasema mtu anaweza kukataliwa iwapo afya yake inatazamiwa kuwa mzigo uliopita kiasi kwa huduma za afya au za jamii za nchi hiyo. Na wanaopimwa si baba mwenye ujuzi peke yake. Kila mmoja wa familia hupimwa na daktari aliyeteuliwa, anayesafiri na asiyesafiri. Mmoja akianguka, wote wameanguka. Sikiliza tena hapo, ndugu msikilizaji: anayesafiri na asiyesafiri. Kumwacha binti kwa bibi yake Poli hakumtoi katika hesabu. Kinachomtoa katika hesabu ni kusema kwamba hakuzaliwa.

Huo mzigo uliopita kiasi ndio ulioliza wazazi wengi. Zamani afisa aliangalia jina la ugonjwa au ulemavu, akafungua kitabu chake cha gharama, akajumlisha, akagonga muhuri. Kisha mwaka 2005 likafika mbele ya Mahakama Kuu ya Kanada shauri la baba wawili, Hilewitz kutoka Afrika Kusini na De Jong kutoka Uholanzi. Wote walikuwa na mtoto mwenye ulemavu wa akili, wote walikuwa na uwezo wa fedha, na wote walikuwa wamekataliwa. Mahakama ikasema huwezi kumhukumu mtu kwa jina la ulemavu wake. Lazima umtazame yeye, familia yake, uwezo wao na nia yao ya kumtunza, ndipo ukadirie ni nini hasa kitakachodaiwa kutoka hazina ya umma.

Halafu mwaka 2018 likaja badiliko kubwa zaidi. Waziri wa uhamiaji wakati ule alikuwa Ahmed Hussen, mzaliwa wa Mogadishu, aliyeingia Kanada akiwa mkimbizi kijana. Kiwango cha gharama kinachohesabiwa kuwa kimepita kiasi kikapandishwa hadi mara tatu ya wastani wa gharama za Mkanada mmoja. Na katika hesabu hiyo zikaondolewa elimu maalumu, mafunzo ya kumrudisha mtu kazini, na huduma ya mtu wa kumsaidia kuoga, kuvaa na kula. Dawa za bei kubwa na matibabu mazito ya hospitali bado yanahesabiwa. Mtu wa kusafishwa damu kwa mashine kila juma ana kazi ngumu. Lakini binti ambaye haja yake kubwa ni mtu wa kumshika mkono na kumlisha, ambaye hajalazwa miaka mingi, hesabu yake leo si ile ya mwaka 2004. Inawezekana kabisa akapita. Siwezi kuahidi, mimi si afisa wa uhamiaji wala daktari, lakini kusema moja kwa moja kwamba akiandikwa mtanyimwa nyote ni kumtisha mzazi kwa sheria iliyokwisha kubadilishwa.

Sasa tufike kwenye ile ahadi tamu, kwamba mtamwita baadaye. Mtego uko hapa, na umetegwa vizuri kwa sababu mbele yake kuna ukweli. Ni kweli kwamba mzazi aliye mkazi wa kudumu wa Kanada akimwombea mtoto wake tegemezi, kile kifungu cha mzigo uliopita kiasi hakitumiki juu ya mtoto huyo. Wakimbizi nao wamesamehewa kifungu hicho. Mtu akisikia hivyo anajisemea, basi twende kwanza, tutamwombea tukiwa ndani. Lakini kanuni za Kanada zina kifungu kingine kisemacho kwamba mwanafamilia ambaye hakutajwa na hakupimwa wakati mzazi anaomba, huyo hahesabiwi tena kuwa mwanafamilia wa kuombewa. Mlimficha ili muingie, na kwa kumficha mmemfungia nje. Tena kuficha jambo la msingi katika maombi ni kosa lenyewe. Mtu anaweza kuzuiwa kwa miaka 5, na hata aliyekwisha kuingia akaishi na kujenga anaweza kunyang'anywa ukazi wake siku jambo likijulikana. Nalo hujulikana. Hujulikana siku mnapotuma fedha za matibabu, au siku mama anapomlilia mwanawe mbele ya daktari.

Tangu Septemba 2019 Kanada ilifanya majaribio ya kuwasamehe baadhi ya watu ambao hawakuwataja ndugu zao. Msamaha huo uliwalenga wakimbizi na wale walioingia kwa kuombewa kama mke, mume au mtoto. Fundi aliyeingia kwa ujuzi wake hakuwekwa humo.

Nimeitaja hukumu ya 2005, na kuna jambo juu ya jaji aliyeiandika linalonirudisha hapa kwetu Meru. Anaitwa Rosalie Abella. Alizaliwa mwaka 1946 katika kambi ya wakimbizi mjini Stuttgart, Ujerumani, wazazi wake wakiwa Wayahudi wa Poland waliookoka mauaji ya Hitler, na familia yake ilipokewa Kanada mwaka 1950. Wakati yeye anazaliwa katika kambi ile, kambi nyingine ya wakimbizi wa Poland ilikuwa hapa Tengeru. Wasikilizaji wa rika langu wanaijua habari hii, vijana wengi hupita na kifodi bila kujua. Tangu 1942 Waingereza waliwaweka hapo Wapolandi kama 5,000, wengi wao wanawake na watoto, watu waliokuwa wamehamishwa kwao kwa nguvu na Wasovieti na kupelekwa Siberia. Makaburi yao yako mpaka leo, ndani ya eneo la chuo cha mifugo.

Vita ilipokwisha, wengi hawakutaka kurudi nchi iliyokuwa chini ya wale wale waliowahamisha. Nchi za kupokea zikatuma wajumbe wa kuchagua watu. Zilitaka mikono: ya migodini, ya mashambani, ya viwandani. Mwaka 1949 yatima zaidi ya 100 wa Tengeru walipelekwa Kanada, wakipitia Italia. Lakini katika kambi za Ulaya miaka ile ile familia yenye kipofu, au mwenye kifua kikuu, au mtoto asiyeweza kutembea, ilikataliwa yote. Watumishi wa shirika la kimataifa la wakimbizi wa wakati huo walikuwa na jina la watu hao, jina la kuumiza. Kwa lugha yetu ningesema walikuwa wakiitwa kundi sugu. Wapo walioambiwa, mwacheni huyo, nyie mwende, na wapo waliokwenda. Wapo pia waliokaa kambini miaka kumi na zaidi kwa ajili ya mtu mmoja. Ilipofika 1959, New Zealand ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kusema italeta familia zenye mtu wa namna hiyo, na katika Mwaka wa Wakimbizi Duniani, 1959 hadi 1960, Kanada nayo ikapokea mamia ya wagonjwa wa kifua kikuu na jamaa zao.

Ninasema haya ili mama wa Sakina asidhani kwamba swali lake limezaliwa Sakina. Lilikwisha kuulizwa na wazazi wengine zamani, na wapo waliopata jibu miaka kumi baadaye.

Kwa wenye ndugu katika nchi nyingine nitapita haraka. Marekani hawana mlango wa pembeni kama wa Kanada. Kijana akifika miaka 21 ametoka katika orodha ya mzazi, awe na ulemavu au asiwe nao. Kaka yako aliye raia wa Marekani akikuombea leo, foleni ya ndugu ni ya miaka mingi, na mtoto aliyekuwa na miaka 6 wakati wa kuomba anaweza kuwa mtu mzima zamu yenu inapofika. Sheria ya 2002 hupunguza siku fulani katika umri wake, zile ambazo maombi yalikuwa mezani kwa maafisa, lakini haiutazami ulemavu. Kinachobaki ni mzazi kuingia kwanza, kisha amwombee kijana wake asiyeoa, katika foleni nyingine ya miaka. Hapo katikati nani anamlisha, sheria haiulizi.

Australia wao humkubali kijana asiyeweza kufanya kazi kwa sababu ya ulemavu kuwa tegemezi, halafu wanamkamata kwenye afya. Makadirio ya gharama yakizidi kiwango, ambacho tangu Julai 2024 ni dola 86,000 za kwao, viza nyingi hukataliwa, na kukataliwa kwa mmoja ni kwa wote. Mwaka 2008 daktari Mjerumani, Bernhard Moeller, aliyekuwa akitibu watu katika mji mdogo wa Horsham ambako madaktari bingwa walikuwa hawapatikani, alinyimwa ukazi kwa sababu mwanawe wa miaka 13 alikuwa na ulemavu wa akili wa kuzaliwa. Wenyeji wa mji wakapiga kelele, na waziri akautengua uamuzi ule. Mwaka huo huo Australia iliporidhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ilitoa tamko kwamba mkataba hauyagusi masharti yake ya afya kwa wageni. Mkataba huo sisi tuliuridhia mwaka 2009.

Na asije mtu akasema kwamba hakuna namna nyingine ya kuhesabu. Hapa Arusha tumeishi na watumishi wa Umoja wa Mataifa tangu Mahakama ya Rwanda ilipokuja miaka ya 1990, na hata sasa wako kule Lakilaki. Katika kanuni za watumishi hao mtoto mwenye ulemavu wa kudumu huhesabiwa tegemezi wa mzazi wake, awe na umri wowote. Mgeni wa Lakilaki mwenye binti wa miaka 23 kama wa Sakina hana haja ya kumficha.

Sasa ya kwangu.

Februari 2022 Uingereza ilifungua mlango kwa wafanyakazi wa kutunza wazee na wagonjwa majumbani. Mke wangu alikuwa mhudumu wa afya kwa miaka mingi, na baada ya kuhangaika na karatasi alipata kazi, akaondoka mwaka 2023. Wakati ule mfanyakazi wa aina hiyo aliruhusiwa kwenda na mume wake na watoto walio chini ya miaka 18. Binti yetu wa mwisho alikuwa na miaka 13. Kijana wetu mkubwa, huyu ninayekaa naye, alikuwa na miaka 24. Yeye naye ana mtindio wa ubongo, anakaa kwenye kiti cha magurudumu, na maneno humtoka kwa shida. Kwa hiyo viza zilikuwa za mke wangu, binti, na mimi. Ya nne haikuwapo.

Tukaigawa nyumba. Mama na binti wakaenda, baba na kijana tukabaki. Tulidhani tutatafuta njia taratibu. Tarehe 11 Machi 2024 Waingereza wakafunga sehemu ya familia, wafanyakazi hao wasilete tena jamaa zao, na tarehe 22 Julai 2025 wakafunga hata kuajiri wapya kutoka ng'ambo. Mke wangu amebaki ndani kwa utaratibu wa waliotangulia. Kazi yake kila asubuhi ni kwenda kwa kijana mmoja wa Kiingereza, karibu rika moja na mwanetu, kumwogesha, kumvalisha, kumlisha na kumsukuma bustanini. Kwa kazi hiyo analipwa. Mimi huku Akheri nafanya kazi ile ile, na mshahara wa kazi ile unalipa nepi za kijana wetu, dawa zake za kifafa, na kibarua wa kunisaidia kumnyanyua. Sisemi hili kwa kulalamika. Nalisema kwa sababu kila ninapolieleza watu hucheka kidogo, kisha hunyamaza.

Je, mama yake akishapata ukazi wa kudumu anaweza kumwita? Kanuni ipo. Tangu tarehe 9 Julai 2012 Uingereza ina utaratibu wa ndugu tegemezi mtu mzima, na mtoto aliyevuka miaka 18 yumo. Lakini masharti yake yasikilizeni kwa makini. Anayeombewa awe anahitaji kutunzwa mwilini kwa muda mrefu katika mambo ya kila siku, kwa sababu ya umri, ugonjwa au ulemavu. Hapo kijana wangu anapita. Mwombaji aweze kumlisha na kumlaza bila msaada wa serikali, na aweke ahadi ya miaka 5. Hapo labda. Halafu lazima ithibitike kwamba hata kwa fedha zinazotumwa kutoka Uingereza, matunzo anayoyahitaji hayapatikani katika nchi anayoishi, ama kwa kuwa ni ghali mno, ama kwa kuwa hayapo na hakuna mtu wa kuyatoa. Na huyo mtu wa kuyatoa si lazima awe muuguzi. Anaweza kuwa baba, dada, bibi, hata msichana wa kazi.

Kwa maneno mengine, kikwazo cha kijana wangu kwenda kwa mama yake ni mimi. Ningekuwa mlevi niliyeitupa nyumba, ombi lake lingekuwa na nguvu zaidi. Dada yangu wa Nkoaranga, anayekuja kila Jumamosi akitoka sokoni Tengeru kumfulia mpwa wake, naye ni kikwazo. Kadiri ukoo unavyompenda, ndivyo karatasi zake zinavyodhoofika.

Mwaka jana nilikwenda kwa wazee wa ukoo. Nilisikia kwamba ingefaa kuwa na barua ya jamaa kueleza kwamba nikifa mimi hakuna wa kumtunza. Nilieleza kwa utaratibu, nikatoa na mfano wa barua. Mzee mmoja, ambaye namheshimu sana, aliisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Kwa hiyo unataka tuandike kwamba tumekufa?" Barua sikupata. Na mpaka leo sijui kama nilikuwa na haki ya kuiomba, maana ni kweli kwamba wapo, na ni kweli pia kwamba wengi wao wana miaka zaidi ya 70.

Hapo ndipo penye shida ambayo fomu haioni, wala wazee hawaisemi. Kijana mwenye ulemavu akiwa mdogo, hapa Meru kuna mahali pa kumpeleka. Patandi wanafundishwa walimu wa elimu maalumu, Usa River kuna kituo cha kanisa cha marekebisho na mafunzo, Monduli kipo kingine. Akishakuwa mtu mzima asiyeweza kujifunza ufundi, anarudi nyumbani na nyumbani ni mama, baba, basi. Mzazi anayetaka kuhama naye mara nyingi hakimbilii dola. Anaogopa siku atakayokufa. Lakini tusidanganyane pia kwamba akifika kule mambo yamekwisha. Ontario, ambako Watanzania wengi wa Kanada wanaishi, watu wazima wenye ulemavu wa akili husubiri miaka kwenye orodha kabla ya kupata mahali pa kukaa penye uangalizi. Mama wa Sakina atafika, na kwa muda mrefu mtunzaji atakuwa yeye yule, sasa bila bibi wa Poli na bila jirani wa kumwachia dakika kumi aende dukani.

Kuna jambo moja lililonichelewesha sana kulifanya, na ninaona haya kulisema redioni. Katika mipango yetu yote, mimi na mke wangu, hatukuwahi kumwuliza kijana mwenyewe. Tulizungumza juu yake akiwa pale pale kwenye kiti chake. Nilimwuliza mwezi mmoja baada ya mama yake kuondoka, tukiwa tumekaa barazani. Nilimwambia, je, ungependa siku moja uende kwa mama? Alichukua muda, kama kawaida yake, kisha akasema, "Nitarudi lini?" Nilikuwa na majibu ya kila swali la maafisa. La swali hilo sikuwa nalo. Tulikuwa tumepanga kumpeleka tu.

Mama wa Sakina, sasa nakujibu wewe. Kama fomu haijatumwa, ichukueni kwa yule bwana, hata kama ada yake hairudi. Mwandikeni binti yenu kwa jina lake kamili kama lilivyo katika cheti cha kuzaliwa. Kusanya kadi zake za kliniki na barua zote za hospitali tangu utotoni, zile za zamani ndizo zenye thamani, kwa sababu mnatakiwa kuonyesha kwamba aliwategemea kabla ya kufika miaka 22. Mwombe daktari anayemfahamu aandike anachokihitaji na asichokihitaji pia: kwamba hajalazwa tangu mwaka fulani, kwamba dawa zake ni hizi na bei yake ni hii. Wakileta barua ya kusema wana wasiwasi na gharama, si mwisho. Ni nafasi ya kujibu, na ile hukumu ya 2005 iko upande wenu. Mkitaka msaidizi, Kanada ina chombo kinachosajili washauri wa uhamiaji, na jina la mshauri linaweza kukaguliwa kabla hujampa senti. Mwulize yule wa meza moja namba yake ya usajili, kisha mtazame usoni.

Na unaponiandikia tena, niambie binti anasemaje. Katika kurasa zako nne umenieleza anavyokula, anavyolala na anavyoshikwa akitembea. Jina lake hukuliandika. Sitalisoma hewani, lakini ningependa kulijua.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye kahawa.